Daftari la kurasa mbili: mwongozo kamili wa kushukuru wakati wa dhiki

Mtu wa Unguja au Pemba ukimuuliza hali, hata kama jana kamzika mwenziwe, atakujibu "Alhamdulillah". Ni adabu, na ni imani. Lakini ulimi uliozoea neno hulitoa bila moyo kuwa na habari, kama mkono unavyosambaza kete za bao huku mchezaji anazungumza na mpita njia. Mwongozo huu haufundishi kusema Alhamdulillah. Hilo kila mtoto wa chuoni analijua. Unafundisha kulijaza neno lenyewe: unashukuru nini hasa, kiasi gani, kwa mkono wa nani na saa ngapi, ilhali una deni, maradhi, msiba au kazi iliyokatika.

Wanazuoni wa Kiislamu waliigawa shukrani mafungu matatu zamani sana: elimu, yaani kuijua neema na inakotoka, hali, yaani moyo kuguswa, na amali, yaani kufanya jambo kwa ajili yake. Watu wengi huanzia katikati. Hujilazimisha kuguswa, wakishindwa hudhani wana moyo mgumu. Mpangilio wa hapa unaanzia pale walipoanzia wao: kwanza kujua, halafu kutenda, na moyo utakuja kwa wakati wake.

Nafuu yake ni ya kiasi gani? Ipo, lakini si muujiza. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, waligawa watu makundi. Mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, kundi moja liliandika mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, jingine liliandika kero, jingine mambo ya kawaida tu. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi na waliitazamia wiki inayokuja kwa matumaini zaidi. Hata hivyo, uchambuzi wa mwaka 2021 uliojumlisha tafiti nyingi ulionesha kwamba kwa sononi, yaani maradhi ya huzuni, na kwa wasiwasi, mazoezi ya namna hii hupunguza kidogo tu. Atakayekuahidi zaidi ya hapo anauza kitu.

Kabla hujaanza

Vifaa ni daftari moja dogo la skuli, kalamu na dakika 10. Likifunguliwa, daftari lina kurasa mbili zinazotazamana: wa kushoto ni wa dhiki, wa kulia ni wa neema. Usichanganye, na usiuache wa kushoto kwa kudhani kwamba kutaja dhiki ni kukosa shukrani. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe mpaka macho yakafanya weupe, na huzuni yake akaishtakia kwa Mola wake. Ipo katika Sura Yusuf, aya ya 84 na ya 86. Hakuna aliyemwita mkosa shukrani.

Saa nzuri kwa wengi ni baada ya Isha, watoto wakishalala. Umeme ukikatika, tochi ya simu inatosha. Mwenye mtoto mchanga, au anayetoka alfajiri kwenda diko kununua samaki wa kuchuuza, achague nafasi iliyopo kila siku bila kutafutwa: wakati chai inachemka, au kwenye daladala ya kurudi.

Asiyeandika achukue komwe tatu za bao na bakuli. Kila jambo analolitaja kwa sauti ya chini, komwe moja inaingia bakulini. Tasbihi haifai sana kwa kazi hii, kwa sababu vidole vimeizoea dhikri. Zitakwenda shanga 33 kabla akili haijafika. Simu nayo inarekodi sauti, ila usijirekodi nyumbani penye masikio mengi.

Na hapo lipo jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwingine hailigusi: husda. Watu wa visiwani wengi huogopa kutaja neema zao, na sababu tunaijua. Kwa hiyo daftari hili si la kusomwa na mtu, wala halipandi kwenye status ya WhatsApp. Likae kabatini chini ya kanga. Ukimaliza sema Mashaallah, ufunge. Anayeandika huku anajiuliza nani atasoma ataandika ya kuonekana, na hayo hayamsaidii.

Hatua ya kwanza: ukurasa wa kushoto, mistari mitatu

Andika dhiki yako kama mwenye duka anavyoandika mkopo: jina, kiasi, tarehe. "Maisha magumu" si maandishi, ni pumzi. Andika hivi: "Dukani nadaiwa 185,000. Upatu wa Jumapili 20,000, sinazo. Mtoto anataka viatu vya skuli."

Mistari mitatu, kisha inua kalamu. Kuna sababu mbili. Dhiki isiyotajwa haina mipaka. Unakula nayo, unalala nayo, hata ukimfokea mtoto ni yenyewe inayofoka. Ikiandikwa inaonekana urefu wake. Lakini ukiandika kurasa tatu za malalamiko kila usiku unaanza kuyatafuna, na ya kutafunwa hayaishi. Watu wengi wakipewa karatasi huzidisha hapa, kwa hiyo pigeni mstari mapema chini ya mstari wa tatu.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ukurasa wa kushoto ndio unaoufanya wa kulia uwe kweli.

Hatua ya pili: ukurasa wa kulia, mambo matatu

Kila jambo lina sehemu nne: nini kimetokea, nani kahusika, kiasi au saa, na kwa nini kimetokea. Tofauti utaiona kwenye mifano.

Badala ya "Nashukuru kwa familia", andika: "Baada ya Laasiri wifi aliwachukua watoto wawili, nikalala saa moja na nusu. Alikuja kwa sababu juzi aliniona nasinzia."

Badala ya "Nashukuru kwa riziki": "Kijana wa diko kanitilia vibua sita, kachukua hela ya vinne. Tumekula watu wanne na kimoja kimebaki cha asubuhi. Amefanya hivyo kwa sababu marehemu baba alimfundisha kutega."

Badala ya "Nashukuru kwa uzima": "Leo nimepanda ngazi mpaka ghorofa ya pili nikapumzika mara moja, wiki iliyopita nilipumzika mara tatu. Dawa nimeinywa kwa wakati siku tano mfululizo."

Angalia mfano wa mwisho. Sababu ni mwandishi mwenyewe, na hilo liandikwe bila haya. Mtu aliye katika dhiki husahau haraka kwamba bado ana mikono.

Sehemu ya "kwa nini" ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye kazi. Martin Seligman na wenzake, mwaka 2005, waliwapa watu zoezi la kuandika mambo matatu mema kila usiku kwa wiki moja pamoja na sababu ya kila jambo. Walipofuatiliwa, furaha ilikuwa imepanda na dalili za huzuni zimepungua hadi miezi sita baadaye. Kwa mtu mwenye shida, sababu ina faida nyingine ya karibu zaidi: inakuonesha msaada unatokea mlango gani. Baada ya wiki mbili utaona jina la wifi limetokea mara tano, na la yule uliyemtegemea halimo hata mara moja. Hiyo ni habari ya kufanyia kazi.

Jambo moja kati ya matatu linaweza lisiwe la mtu: maji ya bomba yaliyotoka kabla ya alfajiri, kivuli cha mwembe, upepo wa kusi uliotulia chombo kikatoka. Si lazima liwe kubwa.

Kuna siku hutaona kitu. Jiulize maswali haya kwa zamu: Nani leo kaniuliza hali na akasubiri jibu? Nini kingeweza kuharibika na hakikuharibika? Mikono yangu imefanya nini? Ukipata moja, andika hilo moja. Usipopata, andika tarehe na maneno "leo sikuona", ufunge daftari. Si kufuru. Kubuni neema ili utimize tatu ndiko kunakoliharibu zoezi, maana kesho hutaliamini daftari lako.

Mara ngapi

Hapa wengi hufikiri kadiri unavyozidisha ndivyo bora. Sivyo. Katika utafiti wa Sonja Lyubomirsky na wenzake, watu waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki, kwa wiki sita, walipata nafuu. Waliofanya mara tatu kwa wiki hawakuipata. Anayekaa Wete, Pemba, msimu wa karafuu anaelewa bila kufundishwa. Mgeni akishuka tu kwenye gari husema mji unanukia. Mwenye jamvi la karafuu mbele ya mlango hanusi kitu. Pua huzoea, na moyo vivyo hivyo.

Ratiba tunayoipendekeza ni hii. Siku 7 za mwanzo andika kila usiku, ili mkono ujue kazi. Kuanzia wiki ya pili andika mara moja tu kwa wiki. Usiku wa kuamkia Ijumaa unakaa vizuri, kwa sababu nyumba nyingi tayari zina utulivu wake wa kisomo. Mkulima wa mwani ambaye siku za bamvua, bahari inapokupwa sana, hutumia saa kadhaa ndani ya maji na kurudi hoi asijilazimishe siku hizo. Afanye zinapoingia siku za maji mafu, hata ikiwa ni mara mbili kwa mwezi. Fanyeni hivyo wiki sita kisha mpime.

Namna ya kupima: siku ya kwanza, kabla ya kuandika chochote, jipe namba kutoka 0 hadi 10 kwa mambo matatu, yaani usingizi, hasira, na hamu ya kukutana na watu. Namba kubwa iwe hali njema: kwa hasira, 10 maana yake umetulia. Ziandike nyuma ya daftari. Rudia baada ya wiki tatu na baada ya wiki sita. Kitu kikipanda kwa namba mbili, kazi inaonekana. Kikishuka, soma sehemu ya mwisho ya mwongozo huu usiku huo huo.

Hatua ya tatu: kuiondoa neema kwa mawazo

Zoezi hili ni la mara moja kwa mwezi, dakika 15. Chagua neema moja ya zamani: mwenzi, kazi uliyoipata, jirani, skuli uliyosoma. Badala ya kuisifu, andika njia tatu ambazo kwazo isingetokea kabisa. "Kama siku ile boti isingechelewa bandarini Mkoani, nisingekaa benchi moja na yule mama aliyeniambia wanatafuta mshonaji." Mwaka 2008 Minkyung Koo na wenzake waligundua kuwa watu wanaofikiria namna jambo jema lingekosa kutokea hupata furaha zaidi kuliko wanaofikiria namna lilivyotokea. Tulilolizoea tunaliona lilikuwa lazima liwe. Zoezi hili huliondolea ulazima.

Onyo: aliyefiwa karibuni asilifanye. Kwake kuondolewa si mawazo. Na mwenye wasiwasi mwingi wa kupoteza, anayeamka usiku kuchungulia kama watoto wanapumua, naye aliruke.

Hatua ya nne: kumshukuru mtu, uso kwa uso

Hadithi mashuhuri inasema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Wengi tunaijua, wachache tunaifanya kwa ukamilifu, kwa sababu ya haya. Tunadhani tutamtia mwenzetu aibu, au maneno yatatoka vibaya. Mwaka 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley waliwapima waandishi wa barua za shukrani pamoja na waliozipokea. Waandishi walikuwa wamekadiria chini furaha ya wapokeaji na kukadiria juu mno ile aibu. Yaani kinachokuzuia, kwa sehemu kubwa, hakipo.

Maneno yawe na mambo manne: alichofanya, lini, kilisababisha nini, na leo kimefika wapi. Kwa mfano: "Ami, mwaka juzi mwezi wa Shaabani nilipolazwa ulikaa na wanangu siku tisa. Mkubwa hakukosa skuli hata siku moja. Mwaka huu kaingia kidato cha kwanza. Wakati ule sikukwambia. Nimekuja kukwambia leo." Basi. Dakika moja. Usiongeze dua ndefu mpaka lile jambo lenyewe likazama, na usijidharau mbele yake ("mimi masikini sina cha kukulipa"), kwa sababu hapo unamgeuza akuliwaze wewe.

Sasa adabu za ziara. Nenda baada ya Laasiri. Piga hodi, toa salamu, na mzee mpe shikamoo yake. Kisha sema mapema, kabla chai haijaja: "Leo sikuja na shida, nimekuja na shukrani." Sentensi hii ina kazi kubwa. Mtu anayejulikana kuwa na dhiki, akionekana mlangoni jioni na uso wa haya, mwenyeji ameshaanza kuhesabu moyoni ana kiasi gani cha kukopesha. Mwondolee mzigo huo kwanza, ndipo atakusikia.

Na kamwe usimshukuru mtu halafu ukamwomba kitu siku hiyo hiyo. Hata kama shida ni kweli, ngoja siku tatu. Shukrani iliyofuatwa na ombi hukumbukwa kama utangulizi tu.

Aliye Maskati au Dar es Salaam mtumie ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili. Aliyefariki mwandikie barua isiyotumwa, umwombee dua, au utoe sadaka kwa niaba yake. Barua isiyofika nayo ina faida. Joel Wong na wenzake waliwagawa makundi matatu karibu watu 300 waliokuwa wakipata ushauri nasaha, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, na kundi moja wakalipa kazi ya kuandika barua ya shukrani moja kila wiki kwa wiki tatu. Walioziandika walikuwa na hali bora ya akili wiki 4 na wiki 12 baadaye, ingawa wengi wao hawakuzituma.

Hatua ya tano: bakuli halirudi tupu

Fungu la amali tunalo tayari jikoni. Jirani akileta futari au kipande cha mkate wa kumimina, bakuli lake halirudishwi tupu. Katika dhiki desturi hii hugeuka mtego: mtu hana cha kutia, anaona haya, bakuli linakaa wiki mbili juu ya kabati, na mwisho anamkwepa jirani njiani. Uhusiano uliokuwa unamlisha unakatika kwa sababu ya bakuli.

Dawa yake ni kulirudisha ndani ya siku mbili na chochote: ndimu tatu, vitawi vichache vya mchaichai, embe mbichi ya kachumbari, au lioshwe likang'ae lirudi na maneno: "Leo limerudi na salamu tu, shoga." Hakuna jirani mwema anayelikataa hilo.

Kila wiki, ukishaandika, chagua tendo moja dogo la kutoa lisilokugharimu fedha wala zaidi ya nusu saa. Mchotee bibi jirani ndoo mbili. Mfunze mtoto wa mtu sura moja. Mtafutie aliyehitimu njia ya kazi kwa mtu unayemjua. Anayepokea tu, miezi sita, huanza kujiona mzigo. Akitoa hata kidogo anasimama tena safu moja na wenzake. Usizidishe, lakini. Wapo wanaojichosha mno kwa kuwahudumia watu ili wasisikie dhiki yao, na hao wanahitaji kuketi.

Kila dhiki na namna yake

*Msiba.* Siku za matanga usifungue daftari. Kazi ya siku hizo ni maji, uji, usingizi na kulia. Watu watakuja na "mshukuru Mungu, kapumzika" na "baada ya dhiki faraja". Nia ni njema, saa siyo. Ukiwa wewe ndiye unayehani, sema pole, keti mkekani, osha vyombo.

Usianze kabla usingizi haujarudi kufika angalau muda wa saa tano kwa usiku. Kwa mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi, mara nyingi mwezi wa pili au wa tatu ndio mgumu: wageni wamepungua, ubani umekwisha, nyumba imenyamaza. Hapo daftari lina nafasi, lakini ukurasa wa kulia ubadilike. Badala ya mambo ya leo, andika jambo moja la marehemu kila wiki, kwa undani: namna alivyokuwa akikohoa kabla ya kuingia ili watoto wajue karudi, au boflo aliyokuwa akiipakata kwapani ikiwa na moto.

Wapo waliofiwa bila kaburi. Meli ya MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, miili mingi haikupatikana. Aliye na msiba wa namna hiyo asiharakishwe kabisa, hata miaka ikipita. Akitaka kuandika na aandike kumbukumbu. Neno shukrani likimchoma, liondolewe kwenye daftari.

*Deni.* Mwenye duka aliyekukopesha ni mtu wa kushukuriwa, lakini maneno matupu mbele ya mdai ni kejeli. Nenda na chochote: "Nimekuja na 5,000 katika ile 185,000. Nashukuru umenivumilia mwezi mzima na mbele za watu hukunitaja. Jumamosi ijayo naleta nyingine." Ahadi iwe ya siku unayoijua. Ukishindwa, nenda siku ile ile ukamwambie. Kumkwepa mdai ndiko kunakoteketeza wema wake.

*Kipato kilichokatika.* Mfanyakazi wa hoteli aliyerudishwa nyumbani Aprili hadi mvua za masika ziishe anajua mwisho wa dhiki yake. Kwake daftari ni la kuvukia tu. Mkulima wa mwani hana uhakika huo. Bahari imepata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa, iliyobaki bei yake ni ndogo. Kushukuru kilo alizouza si kukubali bei. Aandike neema kulia, bei aiandike kushoto kwa tarakimu, na ukurasa huo wa kushoto ndio wa kupeleka kwenye kikao cha ushirika.

*Maradhi ya muda mrefu.* Andika kazi ya mwili, siyo "afya". Katika sehemu moja ya ule utafiti wa 2003, wagonjwa wa misuli na neva walioandika kwa siku 21 walisema usingizi wao umekuwa bora kuliko wasioandika.

Yanayoharibika, na sababu zake

Kujilinganisha. "Wenzako wako hospitali hawana hata mguu." Ipo hadithi ya kutazama aliye chini yako katika mambo ya dunia, na ni sahihi; lakini imeelekezwa kwa nafsi yako, haikupewa mtu kuwa fimbo ya kumpigia mwenziwe. Na hata kwa nafsi, ukiifanya ndiyo njia pekee, furaha yako itategemea shida za watu. Linganisha leo yako na jana yako.

Masimango. Kuna mtu hukusaidia kisha akakukumbusha kila barazani. Wema wake uandike, kwa sababu ulitokea. Huna wajibu wa kuendelea kuulipa kwa heshima yako. Mshukuru mara moja, kwa maneno kamili, mbele ya mtu wa tatu mnayemheshimu wote. Ukiweza mrudishie thamani yake. Kisha punguza kupokea kutoka mlango huo.

Kuwanyamazisha watoto. Mtoto anayelia njaa akiambiwa "shukuru una paa" hujifunza kwamba shukrani maana yake ni nyamaza. Muulize wakati wa kula: "Leo nani kakufanyia jambo zuri, na kwa nini unadhani kafanya?" Swali moja, mara moja kwa wiki. Akijibu "hakuna", ni jibu, mwachie.

Sitara isiyo mahali pake. Hili ndilo zito kuliko yote. Mwanamke anayepigwa huambiwa amsitiri mume na ashukuru ana nyumba. Zoezi hili halikukusudiwa hayo. Ikiwa ukurasa wa kushoto una kipigo, kutishwa au mtoto aliyeguswa vibaya, acha ukurasa wa kulia. Mwambie mtu unayemwamini na uende kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili, au polisi kwenye dawati la jinsia. Daftari lenye tarehe za kushoto litasaidia huko kuliko unavyodhani, kwa hiyo lifiche vizuri.

Wakati daftari halitoshi

Ukiwa na huzuni karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, chakula hakina ladha, usingizi umekimbia au umezidi, mambo uliyoyapenda hayakuvuti, na unajiona huna thamani, hiyo si upungufu wa shukrani wala wa imani. Ni maradhi yenye tiba. Nenda kituo cha afya cha karibu ueleze hivyo hivyo kwa maneno hayo. Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu inayotibu maradhi ya akili. Pemba anzia hospitali ya wilaya yako uombe huduma ya afya ya akili. Likikujia wazo la kujidhuru, usilale nalo peke yako usiku huo: mwamshe mtu, kaeni pamoja mpaka asubuhi, au mwende hospitali hapo hapo.

Ukitibiwa unaweza kuendelea na daftari, ila mwoneshe anayekutibu zile namba za nyuma, za usingizi, hasira na hamu ya watu. Atazielewa haraka kuliko maelezo.

Daftari likijaa, usilichane. Rudi mwanzo ukiwa na kalamu ya rangi nyingine, usome upande wa kushoto tu. Dhiki iliyokwisha ipigie mstari na uandike pembeni tarehe iliyokwisha na jina la aliyesaidia. Ambayo bado ipo, ihamishie kwenye mstari wa kwanza wa daftari jipya, kwa kiasi chake cha leo.